Kabla ya Maharage Kuiva

Kijana aliyekuja jana na mtungi begani
anaitwa Elibariki. Aliutua mlangoni
kama mtu anayerudisha ndugu aliyepotea,
akafuta jasho, akanionyesha mita:
kisanduku shingoni mwa mtungi,
kioo chenye namba, na namba zinashuka.
"Mtungi wetu, jiko letu, wewe lipia moto tu.
Una mia tano? Pika ya mia tano."

Nikamwambia, baba, hilo si geni.
Sisi wa Pasua tumeanza lini kulipa baadaye?
Mkaa nanunua kwa kopo, nalipa haujawaka.
Mafuta napimiwa kwa kikombe cha kahawa pale kwa Mangi,
nalipa hayajachemka.
Chumba, miezi mitatu mbele.
Wenye nazo ndio wanaokula kwanza,
bili ikawafuata polepole, ndani ya bahasha, na salamu.

Akacheka. Sikuwa nachekesha.

Usiku huu nimefungua daftari la Ndeshi, kurasa za nyuma.
Mkaa: kopo moja kwa siku, elfu mbili.
Siku ya makande, kopo na nusu.
Gesi: chai, mia mbili. Ugali na mchicha, mia nne.
Maharage, alama ya kuuliza.

Maana Mama Haikaeli wa mlango wa tatu anayo mita tangu Pasaka,
na Jumatano ile sote tulisikia sufuria yake ikinyamaza.
Maharage nusu jiwe, nusu chakula,
simu haina salio, Jumamosi ya malipo iko mbali.
Alikuja nayo ameishika kwa kanga,
akaitua kwenye makaa yangu bila kupiga hodi,
nami sikumuuliza.

Mkaa hufa kwa kuaga:
unapauka, unaacha joto la kuchomea kiazi.
Gesi haiagi.

Na Julai je, mlima ukijifunika wiki nzima?
Ndeshi huandika hesabu zake kibarazani
mkono mmoja kwenye kalamu, mwingine juu ya jiko,
halafu anabadilisha.
Hilo nalo niliandike kwenye safu gani?

Lakini kifua changu. Mchana kutwa nachambua kahawa kiwandani,
vumbi la maganda, jioni moshi,
na msimamizi ameshaniuliza mara mbili naumwa nini.
Lakini alfajiri. Uji wa mtoto wataka nusu saa ya kupepea,
gesi yataka njiti moja.
Nusu saa ile ningelala.
Nimeitafutia bei. Nimeandika, nimefuta,
karatasi imetoboka.

"Chukua," anasema Kisamo ndani ya chandarua.
"Tukikwama tunarudi kwenye mkaa."
Kisamo hajawahi kukwama na sufuria.
Yeye hukwama na pikipiki, na pikipiki husukumwa.

Umeme wa nyumba hii tunachangia vyumba sita.
Friji la Massawe linakula sisi tumelala,
na uniti zikiisha kila mmoja anamtazama mwenzake
kama kuku kaibiwa.
Walau mita ya gesi ingekuwa aibu yangu mwenyewe,
ya kipimo changu.
Sijui kama hiyo ni faida.

Elibariki atarudi Alhamisi. Sijaamua.
Ila kabla ya kuzima taa nimepima maharage vikombe viwili,
nimeyatoa mawe kwa vidole vinavyojua kazi hiyo,
nimeyamwagia maji hadi yakafunikwa.
Yaliyolala majini huiva upesi,
kwa mkaa au kwa gesi, hayachagui.
Sasa yako chini ya meza, gizani,
yanavimba taratibu,
na hakuna namba inayoshuka.