Viungo

Ijumaa, Ruwi. Mahubiri yamekwisha,
viyoyozi vinanguruma kuishinda kwaya,
nami nasimama na karatasi yangu.
Dakika mbili za matangazo, mzee Tumsifu kaonya, mbili tu.

Kaonya na jingine, mlangoni, kwa sauti ya chini:
"Usiandike mchango, Eliwaza.
Nchi ya watu ina sheria zake. Andika ombi."
Basi niliandika:

    Mwombeeni dada yetu Wakesho Mwakio.
    Alianguka ngazini akipangusa madirisha, Al Khoud.
    Goti la kulia, kiungo kimeachana.
    Anatamani kurudi kwao Wundanyi.
    Tiketi ni riali tisini na tano.

"Sala gani hii yenye bei?"
aliuliza kijana mmoja wa viti vya nyuma, akacheka,
na bado akatoa noti ya riali moja,
akaikunja, akaikunja, mpaka ikawa kama punje ya dengu.

Tulipata thelathini na nne.
Mchungaji alikuwa amehubiri viungo vya mwili,
jicho na mkono, mguu na sikio,
na watu walisema amina kwa nguvu sana,
kisha wakawahi basi la saa sita.

Karatasi sitini zilinibakia. Printa ya kanisa haijui kiasi.
Nilizitia mfukoni pamoja na orodha ya mwajiri wangu:
iliki, mdalasini, bizari nyembamba, ndimu kavu.

Soko la Seeb, Jumamosi.
Joto la Julai limeketi dukani kabla ya wateja.
Bi Thuwaiba anapima kwa mizani ya shaba,
anazungumza Kiswahili cha Unguja alichoondoka nacho utotoni,
kimekunjwa vizuri, kama nguo ya harusi sandukuni.
"Mwanangu, leo sina hata cha kufungia. Mifuko imekwisha."

Nikampa zangu.
Sikuwa na hila. Nilishindwa tu kuzitupa,
zilikuwa na jina la mtu.

Sijui Wakesho alifika wapi wiki ile.
Nadhani alifunguliwa jikoni kwa watu, Barka, Rustaq,
jina lake likimwagika pamoja na pilipili manga.
Labda mpishi wa Kerala aligeuza karatasi juu chini,
asielewe neno, akaelewa 95.
Labda kuna mtoto aliyechora gari nyuma ya goti lake.
Lugha yetu ni bahili:
ilitoa neno moja tu kwa goti na kwa iliki,
ikatuachia sisi kujua lipi linauma.

Jumamosi ya pili Bi Thuwaiba hakunipimia kitu.
Alivuta droo, akatoa bahasha inayonuka karafuu.
"Hizi wameleta watu. Wengine hata sikuwauliza.
Na hii hapa yangu."
Nikaanza kusema, bibi, sisi ni wa kanisani, nisije nikakuponza…
Akanikata: "Umeandika tumwombee, hukuandika?
Miye nimeomba, alfajiri, kwa Mola nimjuaye.
Hiyo ndiyo amina yake. Chukua, uende,
wateja wananingoja."

Arubaini kamili.
Zikapungua ishirini na moja.
Nilizitoa wapi, hilo ni langu,
na la Mbangladeshi aliyeinunua simu yangu.

Wakesho yuko kwao sasa. Nasikia mvua ikinyesha
goti linajua kabla ya mawingu.
Hakuandika asante. Nani angempa anwani ya iliki?

Ijumaa hii ni Ndeshi, mshahara wa miezi mitano.
Printa imeishiwa wino.
Naandika kwa mkono, herufi kubwa,
upande mmoja tu wa karatasi,
ili upande wa pili usichafue mdalasini.