Dumu la Tatu

Bajeti ya maabara iliisha Aprili.
Nitrati, fosfeti, chumvi za kuagizwa ng'ambo:
bei zake nilizisoma mara mbili,
nikafunga daftari, nikapanda basi kwenda kwa mama.

Huko nje ya Campina Grande, kinu cha Dona Ivonete
hukamua muhogo mchungu tangu alfajiri.
Maji yake ya manjano, mazito,
huteremka mferejini hadi shimoni,
pale ambapo mbuzi wa jirani alikunywa mara moja tu.

"Hayo ndiyo unayotaka?" mama aliuliza,
mikono myeupe kwa unga hadi viwikoni.
"Shule yote ile, unarudi kuomba uchafu."

Nikajaza madumu matatu.

La kwanza nililitumia mapema; nilikuwa na haraka.
Mwani wangu, mdogo kuliko punje ya unga,
ulikufa usiku mmoja,
ukalala chini ya chupa kama vumbi la chaki.
La pili nililizimua mno:
kijani kikasita, kikakonda, kikaondoka.

La tatu nililisahau.
Siku kumi na mbili juani, mdomo wazi,
nyuma ya vyoo vya wanafunzi,
sumu ikipaa kidogo kidogo bila kuaga.
Nikalichuja kwa shati kuukuu la marehemu baba,
nikatia majivu ya tanuri la mama, kijiko na nusu,
na pampu ya tangi la samaki ikakoroma humo usiku kucha
kama mtoto mwenye mafua.

Jumanne, hakuna kitu.
Jumatano, labda. Jicho la mwenye shida haliaminiki.
Ijumaa nilifungua mlango
na hata dari ilikuwa imeazima rangi.

Nilimleta mama. Alivua kitambaa cha kichwa,
akainamia hadubini,
akanyamaza muda mrefu kuliko anavyonyamaza kanisani.
"Ni wengi," alisema. "Wanagombania nini?"
"Maji yenu yale."

Akauliza ninamlipa Dona Ivonete kiasi gani kwa dumu.
Simlipi. Hunishukuru kwa kumpunguzia shimo.
"Basi usimwambie yamezaa nini," alisema mama,
jicho moja bado kwenye kioo,
"kesho atayapangia bei."