Kishindo cha Kumi na Saba

Nilipanda Kibosho na kipimajoto,
kinasa sauti, tochi mbili, kilo ya unga,
na daftari lililobaki tangu nilipofundisha fizikia.
Nimezika mizimu mingi kwa daftari hili.
Wa Kiboriloni alikuwa popo.
Bibi harusi wa stesheni, gazeti lililonasa kwenye waya.
Na yule wa Machame, aliyelia kila Jumamosi,
alikuwa mume wa mtu, mbege imemjaa,
anaogopa kugonga mlango wake mwenyewe.
Watu hunilipa.
Kunishukuru, hapana.

Mama Melkiori alinipa chai na jani la sale.
"La nini, mama?"
"La kuombea radhi. Huenda ukalihitaji."
Nikacheka kidogo, nikalibana daftarini, alama ya ukurasa.
Mzee Proti hakusema kitu. Alivitazama viganja vyake
kama mtu aliyeazimwa mikono.

Saa saba usiku, nyuzi kumi na moja.
Pumzi ukutani: maji ya mfongo, nyuma ya migomba.
Kivuli kinachoinama: jani la mgomba lililochanika.
Nyayo kwenye unga: paka.
Baridi ya ghafla: Kibo iko hapo juu, ulitegemea joto?
Saa nane na dakika kumi, bati likalia.
Kitu kikabiringika, kikatua nyasini.
Nikatabasamu gizani. Parachichi.
La pili. La tatu. Nikahesabu kwa vijiti,
vinne wima, cha tano kinavikata,
kama nilivyowafundisha watoto wa watu.
Kumi na sita.
Kisha moja zito,
ambalo halikubiringika.
Nikaandika: *17, tawi, labda.*
Sijui kwa nini niliongeza labda.

Asubuhi nikamweleza Mzee Proti kwa sauti ya darasani:
uzito, mwinuko, bati.
"Punguza matawi yaliyoelemea nyumba, utalala."
Akanishika kiwiko, polepole, akanizungusha nyuma.
Kisiki.
Kimekatwa kwa shoka, kikakatwakatwa,
na mtu aliyeendelea kupiga hata mti ulipokwisha kulala.
Masale yamekizunguka, yamefika kiunoni.
"Mwaka wa nne huu," akasema.
"Mimi nilikuwa hapa chini na gunia. Nikamwambia,
panda kidogo tena, mwanangu,
yaliyokomaa yako juu."

Mama, mlangoni, aliuliza neno moja tu:
"Mangapi, Mwalimu?"
Daftari lilikuwa mkononi, limefunguka lenyewe penye jani.
Nikasema, kumi na sita.
Akanitazama muda mrefu.
Akarudi jikoni.

Ninakaa Majengo, ghorofa ya pili kati ya nne.
Juu yangu zege, juu ya zege familia ya muuza spea,
juu yao zege tena. Bati hakuna.
Mti hakuna: nimeshuka na tochi kuhakikisha, mara tatu.
Kinasa sauti nimekitoa betri.

Saa nane na dakika kumi.

Asije mtu akasema nimeamini. Siamini.
Maelezo yapo, huwa yapo,
mabomba hutanuka, chuma hukumbuka jua la mchana.
Nimelitafuta lile jani, silioni.
Limebaki umbo lake, kijani, juu ya neno *labda*.
Vinne wima, cha tano kinavikata.
Kumi na nne.
Kumi na tano.
Sebuleni kitu kinabiringika mpaka mlango wa chumba,
kinasimama.
Kumi na sita.

Nimeshusha godoro sakafuni, katikati ya chumba.
Nimesimama juu yake, peku, mtu mzima,
uso nimeuelekeza darini,
mikono nimeikunjua.