Kipimo cha Mtu Mmoja

Niulize wageni mia mbili, nitakujibu kabla hujamaliza:
kilo arobaini za viazi, debe la vitunguu,
mchuzi uinjikwe saa nane usiku, usichemke, utokote tu
kama mtu anayenung'unika peke yake.
Miaka thelathini na minane pale hotelini,
kofia yangu ndefu ikigusa fremu ya mlango,
mabalozi wakija hadi jikoni kunishika mkono wenye unga,
wapanda mlima wakishuka na midomo iliyopasuka
wakilia juu ya supu yangu ya vitunguu.

Leo Jumanne nimesimama mbele ya jiko, Kiboriloni,
nimeshika ndizi mshare mbili,
nami sijui kama ni nyingi au ni chache.

Nyumbani sikupika, Aikande. Hukuniruhusu.
"Huku hakuna mpishi mkuu," ulisema, wiki ile ile ya arusi,
sufuria yako nyeusi kwa masizi,
magadi ndani ya kopo la kahawa,
mwiko umekatika ncha na hutaki mwingine.
Nilikaa kwenye kigoda, nikamenya nilichopewa kumenya.
Utomvu ulinitia vidole weusi, kazini wakaniuliza nimeshika nini.

Cheti changu kilipokuja, na muhuri wa Wafaransa,
ulikipangusa kwa khanga, ukakitundika juu ya pipa la mahindi.
Kisha ukaonja yule kuku niliyemleta kwa majivuno,
ukatafuna taratibu,
ukameza.
"Chumvi imezidi."
Nilinuna siku mbili. Waziri mzima aliomba aongezwe!
Ya tatu nikaonja mwenyewe.
Ilikuwa imezidi.

Tuligombana pia; nisikupambe kwa kuwa umelala penye isale.
Mwaka ule bei ya kahawa ilipoanguka
hukunisemesha tangu masika hadi vuli.
Lakini sahani ilifunikwa kwa sahani, mezani,
na hata niliporudi saa saba usiku
chakula kilikuwa cha moto.
Sikuwahi kuuliza ulikuwa unaamka saa ngapi kukipasha.

Kule KCMC ulikataa uji wao.
Nikakuletea mtori kwenye chupa ya chai,
wa kwanza kuupika kwa ajili yako katika miaka arobaini na sita.
Ulilamba ncha ya kijiko.
Nikasubiri, kama kijana anayesubiri majibu ya mtihani.
"Mtamu," ukasema.
Hapo ndipo nilipojua.

Matanga yaliondolewa. Masufuria ya kuazima yakarudi kwa wenyewe.
Elinami anapiga simu kutoka Dodoma, njoo baba, chumba kipo.
Asubuhi mlima ulitoka wote, bila hata uzi wa wingu,
nikageuka kukuambia,
nikauambia mlango.

Basi nimetia ndizi zote, mkungu nusu,
nyama, maziwa, nimekoroga kwa mwiko wako mbovu,
na sufuria imejaa, na mlaji ni mmoja.
Nikamwita kupitia ua wa mibuni
Ombeni, mjukuu wa Mama Ndekirwa, miaka sita, magoti yana vumbi.
Akapuliza. Akaonja. Akakunja uso.

"Babu, chumvi imezidi."

Niliweka kijiko chini.
"Rudia," nikamwambia.