Glavu Moja

Koti nililinunua Owino, shilingi elfu themanini,
baada ya kuondoka mara mbili na kuitwa mara tatu.
Muuzaji alilikung'uta, vumbi likaruka:
"Humu, nyabo, baridi itabisha hodi mpaka ichoke."
Jua la saa nane lilikuwa limetukalia utosini.
Nikalivaa. Jasho likashuka hadi kwenye soksi.
Watu wakasimama kumtazama mwanamke anayejipika.

Mfukoni, chini kabisa, bitana ilipotoboka,
nikakuta glavu ya mtoto.
Nyekundu. Ya mkono wa kushoto.
Ya pili haikuwemo.

Kilembe walinicheka.
Kaka yangu Baluku: "Kiinua mgongo chote, kwenda kununua mafua?"
Mbambu wa duka la dawa:
"Unakwenda na nani?"
"Na mimi."
"Na nani mwingine?"
"Na koti."
Miaka thelathini nimefundisha hesabu za biashara,
deni la kila mtu nikaliandika kwenye mstari wake.
Safari hii niliiandika upande wa mapato.

Sababu sikumwambia mtu.
Baba alichimba shaba humu bondeni.
Alitoka shimoni alfajiri, akanipandisha mabegani
siku ambayo mlima umejivua mawingu:
"Kabugho, unauona ule weupe?
Si chumvi. Si moshi.
Ni maji yaliyokataa kushuka."
Tungepanda pamoja nikimaliza darasa la saba.
Nikalimaliza. Mgodi ukafungwa,
na kifua chake kikafuata.

Sasa goti langu halipandi hata ngazi za benki,
na ule weupe unapungua kila mwaka
kama sabuni kwenye nyumba ya watoto wengi.
Nikasema, kama huku siwezi kukupandia,
nitakuzungukia kwa nyuma.

Tromso, Desemba. Jua halikuamka hata siku moja.
Saa sita mchana anga lilikuwa na rangi
ya kitenge kilichofuliwa kupita kiasi.
Nilishuka kwenye basi, nikainama kwa taabu,
nikachota theluji, nikaiweka ulimini
kwa niaba ya mzee Thembo.
Haina ladha.
Baba, haina ladha yoyote.
Nikalia, machozi yakaganda kwenye kope,
nikacheka peke yangu kituoni.

Mkesha wa Krismasi mji wote ulifunga milango.
Nilikula karanga za Kasese kutoka kwenye karatasi yake,
moja moja, ili usiku uishe.
Kimya cha kule hakina hata mbwa.

Siku ya nne, njiani, kwenye nguzo ya uzio,
mtu alikuwa amevika glavu ya buluu, vidole juu.
Nikadhani ni mzaha, au ni uchawi wa kwao.
Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akanieleza:
anayeiokota huipandisha,
ili aliyeipoteza aione akirudi.

Nikatia mkono mfukoni.
Sijui kama ilitoka mji ule, au nchi ile.
Sijui mtoto yule sasa ana wajukuu wangapi.
Niliivika nguzo iliyofuata,
nikainyoosha vidole kimoja kimoja,
nikaondoka bila kugeuka.
Nikageuka.

Sasa koti limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango,
linanuka nafthalini, wajukuu hulifanya hema.
Jana usiku mvua ilipiga mabati, upepo ukashuka toka mlimani,
na Baluku, yule yule wa mafua,
akaomba alijaribu, "kidogo tu."
Mikono ilimfika kwenye kucha.
"Kwa hiyo theluji ni kama nini?"
"Kama maji."
"Basi?"
Nikammiminia chai.
Akapapasa mfukoni, akanyamaza, akapapasa tena.
"Dada, humu kuna tundu. Nikushonee?"

Liache.