Rangi ya Kahawa

Kitabu ni kimoja, watoto ni thelathini na wawili.
Nakiinua kama sinia, nakizungusha polepole
ili hata Wamono, aliyechelewa akaketi mlangoni,
apate kuona.

Tunasoma kwa sauti, sote mkekani:
Nyekundu! na mvua ya Budadiri inatuitikia kwenye bati.
Manjano! Khainza ananyoosha kidole
kwenye dumu la maji.
Nyeusi! Wote wanageukia sufuria ya uji,
na hapo nawapoteza kidogo.

Haya, rudini. Ukurasa mwingine.
"Kahawia," nasoma, "ni rangi ya kahawa."

Kimya.

Kisha Nandudu, miaka minne na kamasi zake:
"Mwalimu, kitabu kinadanganya.
Kahawa ni nyekundu. Mimi huwa nachuma na nyanya."
"Kijani!" Gidudu anaruka. "Kama haijaiva!"
"Nyeupe," ananong'ona Wamono kule mlangoni,
"ikichanua. Tena inanukia."

Niwaambie nini?
Kwamba kahawia ni rangi ya kikombe,
ya watu walioikaanga, wakaisaga, wakainywa,
na sisi huku mlimani huiuza
kabla haijaifikia rangi hiyo?
Nyumbani kwangu mwenyewe tunakunywa chai.

Natazama picha: kikombe, kisahani, mvuke.
Hakuna mti. Hakuna kikapu.
Hakuna kidole chenye utomvu.

Nakilaza kitabu kifudifudi gotini.
"Basi," nasema, "leo nisomeeni ninyi."

Nandudu anavuta kamasi,
anaanza na nyekundu.