Gramu Tatu na Ushei

Sonara wa Tabora akaiweka mizanini.
"Gramu tatu na ushei. Fedha ya Kirumi.
Huyu mke wa kaisari; nyuma, mungu wao wa kike, wa mavuno.
Nikuyeyushie hereni?"

Nikaigeuza. Bado inanuka tumbaku na nta,
miaka yote ile kwenye pindo la kanga ya bibi Nyanzala.
Roma hakuijua. Alimjua mwanamke
aliyesukwa akapendeza, kisha akakatwa shingoni,
na mwenzake wa mgongoni, ameketi,
masuke mkononi.
"Huyo katoka kuvuna mtama," alikuwa akisema.
"Mwacheni apumzike."

Mvukuto ulikuwa unahema. Makaa mekundu.
Sonara akanyoosha koleo.

Nikafunga pindo la kanga yangu,
mafundo mawili.